Vitabu Viwili na Njia ya Tabora

Hapa Tabora mvua zimeanza, na mchana tumo mashambani. Lakini usiku, penye taa, tumesoma vitabu viwili. Cha kwanza ni maisha ya Tippu Tip, aliyefariki mwaka 1905, kwa maneno yake mwenyewe. Kiswahili chake chapendeza. Lakini pembe zahesabiwa kwa frasila, na wapagazi walio wengi hawatajwi majina. Cha pili ni *Uhuru wa Watumwa* cha James Mbotela, kilichopigwa chapa mwaka 1934. Humo habari za watumwa zasimuliwa na mtoto wao. Twaona kimekosekana cha tatu: cha wapagazi wa Kinyamwezi, waliochukua mizigo kwa ijara hata Bagamoyo. Wazee waliosimuliwa hayo na babu zao wanapungua. Basi, enyi wanafunzi, waulizeni jioni hii, mkaandike.