Utafiti Usiofungiwa Kabatini

Uchapishaji huria ni kuweka makala ya kitaaluma mtandaoni ili yeyote aisome bila kulipa. Tamko la Budapest la 2002 ndilo lililoipa dhana hii jina na maana inayojulikana leo. Miaka minne kabla yake, 1998, AJOL, jukwaa la mtandaoni la majarida ya Afrika, ilikuwa imeanza kuyatoa majarida hayo kwenye rafu za maktaba chache na kuyaonyesha ulimwengu.

Watafiti wengi huliafiki wazo hili. Ugumu huja makala inapotafutiwa jarida. Katika mtindo wa zamani maktaba ndiyo hulipa. Katika baadhi ya majarida huria mzigo humhamia mwandishi. Mwaka 2020 jarida la Nature lilitangaza ada ya yuro 9,500 kwa makala moja, zaidi ya shilingi milioni 1 za Kenya. Mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Embu au cha Chuka asiye na mfadhili hana pa kuzitoa, na jarida lenye jina ndilo linalomsaidia kupanda cheo.

Kuna pia hofu ya majarida matapeli, yanayopokea ada na kuchapisha chochote bila uhakiki. Hofu hiyo ina msingi, ila imewafanya wengine wadhani kila kilicho huria ni duni. Hilo ni kosa kubwa: ubora wa jarida hutokana na wahakiki wake. Orodha ya DOAJ, iliyoanzishwa Lund, Sweden, mwaka 2003, huyachuja majarida huria kwa vigezo, uhakiki ukiwemo.

Njia isiyo na ada ipo, nayo inastahili kutumiwa kuliko inavyotumiwa sasa. Wachapishaji wengi humruhusu mwandishi kuweka mswada uliokubaliwa katika hazina ya kidijitali ya chuo chake, wakati mwingine baada ya miezi kadhaa. Wanaosita huogopa kuibiwa mawazo, ingawa kazi iliyowekwa wazi ikiwa na tarehe na jina ndiyo rahisi kuithibitisha ni ya nani.

Kwa mhitimu wa Kanja, Embu, suala hili lina uzito wa pekee. Baada ya mahafali, nywila ya maktaba ya chuo huenda ikafungwa. Akiwa afisa wa kilimo, akaulizwa na mkulima wa chai au kahawa kuhusu udongo wa miteremko ya Mlima Kenya, atayafikia yale tu ambayo watafiti waliyaacha wazi, pamoja na tasnifu yake mwenyewe, kama aliiweka.