Kabla ya Kuomba Klarineti Mpya

(Hotuba ya kamati ya bendi ya vijana ya Buguruni mbele ya wajumbe wa kamati za parokia na wafadhili)



Tumekuja na jambo la kuungama. Mnakumbuka klarineti nne zilizotumika mlizotupatia. Kwa miezi kadhaa, kila zilipopigwa pamoja na kinanda, sauti ziligombana. Waumini walinong'ona, na vijana wawili wakaacha mazoezi kwa aibu. Kamati yetu ikaandika barua ya kuomba klarineti mpya. Barua hiyo hatukuituma.

Mzee mmoja aliyestaafu katika bendi ya jeshi alitutembelea mazoezini. Alisikiliza, kisha akauliza: "Wanangu, bareli mnaivuta?" Hatukujua hata kwamba inavutwa.

Bareli ni kile kipande kifupi kilicho chini ya kinywa cha klarineti, chenye urefu wa kama milimita 65. Hewa ya ndani ikipata joto, sauti hupanda, na joto la Buguruni mnalijua. Kinanda cha umeme hakipandi. Hubaki kwenye kipimo cha hezi 440 kwa noti ya A, kilichopendekezwa na mkutano wa kimataifa wa London mwaka 1939. Ukivuta bareli, bomba hurefuka na sauti hushuka.

Mzee alitufundisha hivi. Kwanza, piga kama dakika kumi ili chombo kipate joto. Kisha kinanda kishike noti moja, klarineti iipokee. Sauti ikiwa juu, zungusha bareli huku ukiivuta taratibu, milimita moja tu, usikilize tena. Ikiwa chini, irudishe. Usizidishe milimita mbili hivi, kwa kuwa noti za bomba fupi hushuka kuliko za bomba refu, na chombo huanza kugombana chenyewe. Kinachobaki kivute kwenye kiungo cha katikati. Koki zipakwe mafuta, na chombo kisiachwe juani.

Klarineti mbili kati ya hizo ni za mpingo, mti unaoota pia huko kwetu Kilwa na Lindi, na huchukua miaka 70 au zaidi kukomaa. Tulikaribia kuutupa mti wa miaka 70 kwa kutojua milimita moja!

Kijana mmoja amerejea. Mwingine bado tunamfuata nyumbani kwao.

Kwa hiyo ombi letu limebadilika. Tunaomba ridi, mafuta ya koki na nauli ya mwalimu mara moja kwa mwezi. Kwenu wajumbe wenzetu tunasema: mkiomba chombo chochote, kiwe cha muziki au pampu ya maji, ombeni pia wa kuwafundisha kukitumia. Nanyi wafadhili, msichoke kutuuliza kama tumefundishwa.