Kampuni za Mafuta na Sheria ya Serikali

Maneno yaliyosemwa mjini Kitale mbele ya wakulima na wafanya biashara wa Kitale na Bungoma



Ninyi wa Bungoma mmezoea kuona malori ya mafuta yakielekea Malaba kwenda Uganda. Lakini tangu Juni 2018 wenzenu wa Kitale waliona jambo geni: mafuta yakishuka kutoka kaskazini. Yalikuwa mafuta ghafi ya Lokichar, Turkana, ambako kampuni ya Tullow iliyagundua mwaka 2012. Mafuta hayo yana nta nyingi, nayo yakipoa huganda kama samli. Kwa hiyo yalichukuliwa yangali moto mpaka Mombasa. Agosti 2019 mafuta hayo yakapakiwa melini. Kabla ya mwaka kwisha mvua iliharibu barabara, malori yakasimama.

Machi 2019 Sheria ya Petroli ilitiwa sahihi. Katika kila shilingi 100 za fungu la Serikali, 75 ni za Serikali kuu, 20 za kaunti yenye mafuta, na 5 za wenyeji. Watu walibishana miaka mingi juu ya hesabu hiyo, lakini haigusi mfuko wa kampuni. Kinachougusa ni kodi. Mei 2020 Tullow na wenzake waliiarifu Serikali kwamba wanasimamisha wajibu wa mikataba yao, wakitaja vizuizi vya ugonjwa wa korona pamoja na mabadiliko ya kodi. Agosti waliiondoa taarifa hiyo.

Kwa maoni yangu, neno lao la kodi lilikuwa na haki ndani yake. Mtu akikodi shamba hapa Trans Nzoia, akalima na kupanda, kisha mwenye shamba akabadili masharti mahindi yakiwa kiunoni, hatanyamaza. Walakini mkodi huyo asisahau kwamba shamba si lake. Mafuta ni mali ya taifa, na kifungu cha 71 cha Katiba hutaka mapatano ya namna hiyo yakubaliwe na Bunge.

Wenzake wawili wa Tullow walijitoa mwaka 2023, na mwaka 2025 Tullow yenyewe iliuza haki zake kwa Gulf Energy, kampuni ya Kenya.

Sasa nije kwenu. Kitale na Bungoma hazimo katika zile 20 wala zile 5. Lakini sheria hiyo huiamuru kampuni kutanguliza bidhaa na kazi za Wakenya, mradi zifikie kipimo kinachotakiwa. Hilo "mradi" ndilo mlango wa kampuni kutokea. Mnunuzi mkubwa hutaka uzito uliopimwa, nafaka iliyokauka, na siku isiyokosewa. Mkulima mmoja mwenye magunia kumi hawezi; chama cha ushirika chaweza.

Tena, kampuni yapaswa kila mwaka kutoa mpango wa kutumia bidhaa na watu wa nchi. Viongozi wa vyama vyenu na waombe kuuona mpango huo kabla ya kupanda, si baada ya kuvuna.