Mji wa Kando ya Mto Lumi: Taveta Inatufundisha Nini?

(Mazungumzo kwa vikundi vya kujisaidia vya Illasit, kabla ya safari ya kutembelea Taveta)



Katika mkutano uliopita mama mmoja aliniuliza, "Mwalimu, pesa za mfuko tunazipata kwa jasho. Mbona tuzile kwa nauli ya kwenda kutazama mto, na mbuzi wa kununua wako hapa?" Swali hilo ni la haki. Niliahidi kulijibu leo.

Sisi na watu wa Taveta ni majirani kwa mambo mawili. Kwanza, maji yetu yanatoka mlima mmoja, Kilimanjaro. Pili, tunaishi kwenye mpaka mmoja. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani waligawana nchi hizi kwenye karatasi. Waliandika kwamba mpaka uzunguke ziwa Jipe, uvuke mto Lumi, upite katikati ya nchi ya Taveta na ya Wachaga, halafu ufuate chini ya mlima upande wa kaskazini. Mstari huo ndio huu huu tunaouvuka tukienda sokoni Tarakea. Wenye nchi hawakuulizwa.

Msitu ulikuwa boma

Zamani Wataveta walikaa ndani ya msitu mnene kando ya Lumi. Hawakujenga ukuta wa mawe. Miti yenyewe ilikuwa ukuta, na njia za kuingia zilikuwa nyembamba zenye malango. Ndani mlikuwa na migomba, mahindi na maji mwaka mzima. Wenyeji walitoka pande nyingi: Taita, Upare, Uchaga, Ukambani, hata Wamaasai wa Kwavi waliopoteza ng'ombe wao. Ni kama hapa kwetu, sivyo?

Misafara kutoka pwani ilipumzika hapo, ikanunua chakula kabla ya kuendelea bara. Joseph Thomson alipita mwaka 1883 akielekea Umaasai. Baadaye wamisheni nao wakafika, wakajenga kanisa na shule. Wote hao walivutwa na kitu kimoja, maji yaliyo chini ya kivuli.

Vita na katani

Agosti 1914 Wajerumani waliuteka mji. Ukikaribia mji kutoka upande wa Voi unaona kilima cha Salaita. Hapo, tarehe 12 Februari 1916, askari wa upande wa Waingereza walishambulia wakarudishwa nyuma kwa hasara kubwa. Mwezi uliofuata walirudi na nguvu zaidi, wakautwaa mji, wakapigana tena kwenye vilima vya Latema na Reata. Reli ya kutoka Voi ilijengwa kwa ajili ya vita hivyo. Makaburi ya askari yako mjini, yametunzwa vizuri. Lakini tukisimama pale tuwakumbuke pia wapagazi Waafrika waliokufa kwa maelfu katika vita vile, ambao wengi wao hawana kaburi lenye jina.

Baada ya vita akaja Ewart Grogan, yule Mwingereza aliyesafiri kutoka kusini mwa Afrika mpaka Misri. Alichimba mifereji, akapanda katani, na miaka ya 1930 akajenga jumba kubwa juu ya kilima cha Girigan. Kutoka pale unaona bonde lote. Ni pazuri kutazama, lakini wenyeji wengi walibaki maskwota pembeni mwa maji ya babu zao. Jambo hilo tusilisahau.

Mambo ya kuona

Siku za soko, Jumatano na Jumamosi, mtaona ndizi zilivyopangwa! Nyingi zinatokana na maji ya chemchemi za Njoro na mifereji yake. Ziwa Chala liko ndani ya shimo la volkano ya zamani, kina chake karibu mita 90, na mpaka unalikata katikati. Kuna perege wa aina ambayo asili yake ni ziwa hilo tu. Kuogelea hapana, kuna mamba.

Halafu tushuke mpaka Jipe. Hapa ndipo nataka tukae kimya kidogo. Lumi humwaga maji yake humo, na maji hayo hubeba udongo wa mashamba ya juu. Ziwa limejaa matope na magugu, mitumbwi inapita kwa shida. Na mvua ikinyesha sana mlimani, Lumi hufurika ikaingia mashambani na majumbani.

Sasa wacha niseme langu. Mimi mwenyewe nilifyeka mpaka ukingoni mwa mfereji wetu nikapanda nyanya. Msimu wa kwanza nilivuna vizuri, nikajiona mjanja. Msimu wa pili mvua ilikuja, ikabeba nyanya, ikabeba udongo, ikaziba mfereji. Majirani 11 walikosa maji kwa sababu yangu. Hakuna mtu aliyenishtaki, lakini nilikuwa nikipita njiani naangalia chini.

Basi mama, hili ndilo jibu langu. Mbuzi tutanunua. Lakini mbuzi hunywa maji. Twende tuone mji ulioishi kwa sababu ya msitu na mto, na tuone ziwa linaloumia kwa sababu ya watu wa juu kama sisi. Tukirudi, tukate shauri pamoja. Maji hayana kwao. Yakipita kwako leo, kesho ni ya mwenzako.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Ni nani walio chini yetu wanaotumia maji tunayoyatumia sisi?
2. Miti gani ilikuwa kando ya chemchemi zetu tulipokuwa watoto, na sasa iko wapi?
3. Tuache hatua ngapi kutoka ukingo wa maji bila kulima, na nani atasimamia?
4. Tukirudi kutoka Taveta, kila mwanachama apande miche mingapi kabla ya mvua?