Neno la Siri ni Sahihi, Lakini Kompyuta Inalikataa

Mazungumzo na makatibu na watunza hazina wa vikundi, Kidodi



Tumeombwa tuzungumze juu ya jambo moja tu, nalo ni barua pepe zinazogoma. Siku hizi barua za wilaya, za benki na za kiwanda cha sukari haziji kwa mkono peke yake. Nyingi zinaingia kwenye kompyuta. Kikundi kinanunua kompyuta moja, kinaiweka mezani, na ndani yake inawekwa programu ya barua pepe. Programu hizo ni za namna nyingi, kama vile Outlook na Thunderbird. Asubuhi katibu anawasha kompyuta, programu inakwenda kuchukua barua na kuzileta. Yeye kazi yake ni kusoma na kujibu.

Halafu siku moja programu inauliza neno la siri. Katibu anaandika. Inakataa. Anaandika tena polepole, herufi kwa herufi, huku mwenyekiti anamsomea kutoka kwenye daftari. Inakataa. Neno ni lile lile la miaka mitano! Hapo maneno yanaanza: eti katibu amesahau, eti katibu amelibadilisha kwa siri, eti kuna barua ya fedha anaificha. Na wakati watu wanabishana, barua ya ratiba ya kuvuna imelala humo humo ndani. Wakulima wa miwa mnajua vizuri kuliko sisi: muwa uliokwisha chomwa na kukatwa hausubiri mtu. Kila siku unayolala shambani unapoteza sukari, na sukari ndiyo bei yenu.

Basi tuseme wazi tangu mwanzo. Mara nyingi katika kesi ya namna hii katibu hana kosa, na neno la siri pia halina kosa.

Utajuaje? Usibishane na programu. Chukua simu janja, au fungua ukurasa wa intaneti kwenye kompyuta hiyo hiyo, uingie kwenye barua pepe bila kupitia programu. Wenye Gmail wanaandika mail.google.com. Weka anwani, weka neno la siri. Lakini angalia: simu ambayo barua zake zilikwisha funguliwa zamani si kipimo, maana haikuulizi neno. Lazima ikuulize, uandike, ikufungulie. Ikikufungulia, neno ni sahihi, na ugomvi wa katibu na mwenyekiti uishe hapo hapo.

Ikikataa huko nako, basi kweli kuna kasoro katika neno. Angalia kama taa ya herufi kubwa inawaka kwenye kibodi. Angalia kama sifuri imeandikwa mahali pa herufi O. Uliza kama kuna mtu alilibadilisha neno kwa simu yake akasahau kusema. Hayo ni madogo, tusikawie nayo.

Tukae kwenye lile linalowasumbua wengi: intaneti inalikubali neno, programu inalikataa. Kwa nini?

Wazee mnakumbuka sanduku la posta. Chama kina sanduku, sanduku lina ufunguo. Mwenyekiti hawezi kwenda posta kila siku, kwa hiyo anampa tarishi ufunguo. Tarishi anakwenda, anafungua, analeta barua. Programu ya barua pepe ni tarishi. Ulipoiandikia neno lako la siri mara ya kwanza, uliikabidhi ufunguo, ikautia mfukoni. Tangu siku hiyo inakwenda na kurudi, pengine kila baada ya dakika kumi, na ufunguo ni ule ule.

Sasa hatari iko wapi? Ufunguo huo haufungui barua tu. Neno lako la Gmail linafungua pia picha zako, namba za simu za watu wako na karatasi zote ulizohifadhi huko. Mwizi akiliiba, hana haja ya kuja Kidodi. Atalijaribu akiwa popote duniani. Kwa sababu hiyo kampuni zikaongeza mlinzi wa pili. Ukiandika neno lako, mlinzi anapeleka ujumbe kwenye simu yako kuuliza: Je, ni wewe? Huo ndio uthibitisho wa hatua mbili. Lakini tarishi wa zamani ni bubu. Anajua kutoa ufunguo, hajui kujibu swali. Kwa hiyo mlango wake ulikuwa hauna mlinzi wa pili, na wezi wakaugundua mlango huo.

Kampuni zikaufunga. Yahoo iliufunga mwaka 2020. Google ilifanya hivyo kwa wenye Gmail za kawaida tarehe 30 Mei 2022. Microsoft ilianza kuufunga kwa mashirika na maofisi Oktoba 2022, na kwa watu binafsi wenye anwani za Outlook na Hotmail ikaufunga tarehe 16 Septemba 2024. Taarifa zilitolewa, lakini nyingi zilikuja kwa Kiingereza, katikati ya barua za matangazo. Nani angezisoma? Na kuna kompyuta zilizokaa kabatini msimu mzima wa mvua. Zikiwashwa leo zinaanza kukataa leo, na mwenyewe anadhani tatizo ni la leo.

Linaloudhi zaidi ni jibu la programu. Pengine inasema ukweli, kwamba linatakiwa neno la siri la namna nyingine. Lakini mara nyingi inaandika tu kwamba jina au neno la siri si sahihi. Kumbe neno ni sahihi, isipokuwa halipokelewi tena kwenye mlango ule. Sisi tunaona hiyo ni lugha mbaya kwa mtu mzima aliyejifunza kusoma ili asidanganywe.

Njia za kutoka ni mbili. Ya kwanza ndiyo bora, nayo ni kumfundisha tarishi kujibu swali. Programu za sasa zinaweza. Thunderbird, kwa mfano, inapatikana bure. Ndani yake fungua mipangilio ya akaunti, tafuta mahali panapouliza njia ya kujitambulisha, uchague palipoandikwa OAuth2. Ukimaliza, ukurasa wa Google au wa Microsoft wenyewe utafunguka. Huko ndiko utakakoandika neno lako na kujibu swali la simu. Programu haitaliona tena neno lako. Itapewa kibali chake, na kibali hicho unaweza kukifuta wakati wowote. Kumbuka lakini: mipangilio ya kupokea barua ni moja, na ya kutuma ni nyingine. Watu wengi hutengeneza ya kupokea, wanafurahi, halafu jioni barua yao haitoki.

Njia ya pili ni kumchongea tarishi ufunguo wake peke yake. Hii inafaa pale programu ni ya zamani na barua pepe ni ya Gmail. Kwanza washa uthibitisho wa hatua mbili kwenye akaunti. Bila huo hutapewa. Halafu fungua myaccount.google.com/apppasswords. Google kwa Kiswahili wanaandika “nenosiri”, neno moja, msibabaike. Utapewa herufi 16 katika mafungu manne ya herufi nne nne. Herufi hizo ndizo unazoandika kwenye programu, mahali pa lile neno lako la zamani. Utaonyeshwa mara moja tu. Ukifunga ukurasa hutaziona tena, itabidi uombe nyingine.

Wenye anwani za Outlook na Hotmail njia hii ya pili haiwasaidii. Microsoft tangu mwaka 2024 inataka ile ya kwanza tu. Na programu za Outlook za mwaka 2007 na 2010 hazijui kabisa njia hiyo, hata ukiziandikia neno mara mia.

Sasa sikilizeni hili vizuri, maana hapa ndipo vikundi vinapoumia. Neno likikataliwa, watu hukimbilia kulibadilisha. Leo wanabadilisha, kesho wanabadilisha tena. Haisaidii kitu, kwa sababu neno halikuwa na ubaya. Tena inaharibu: ukibadilisha neno kuu la akaunti ya Google, zile funguo zote za herufi 16 zinafutwa papo hapo. Tuchukue mfano. Katibu wa kikundi amepata ufunguo wa tarishi Jumatatu, barua zinaingia. Jumatano mwenyekiti, kwa nia njema, analibadilisha neno kuu “kwa usalama”. Alhamisi programu inakataa. Wanarudi kwenye ugomvi ule ule, na safari hii kila mmoja ana ushahidi dhidi ya mwenzake! Kama ni lazima neno libadilishwe, mtu mmoja abadilishe, aandike tarehe kwenye daftari, na siku hiyo hiyo tarishi achongewe ufunguo mpya. Na msijaribu mara ishirini mfululizo. Ukizidisha, kampuni inadhani wewe ni mwizi, inakufungia kwa muda.

Kuna kompyuta ambazo hata hayo hayaziponyi. Kompyuta nyingi za vijijini ni za kupewa, na baadhi bado zina Windows XP, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia mwaka 2014. Hizo hazijui lugha ya siri ambayo mitambo ya barua inatumia sasa. Msipoteze nauli kumleta fundi kutoka Mikumi kwa ajili hiyo. Tumieni kompyuta hiyo kuandika barua na hesabu, na barua pepe someni kwa simu.

Tazameni pia tarehe. Ndani ya kompyuta kuna betri ndogo ya duara, kama ya saa. Ikifa, kila umeme ukikatika kompyuta inasahau mwaka, na inaweza kukuambia leo ni mwaka 2009. Programu ikiwa na tarehe ya uongo haiwezi kuamini vyeti vya mitambo, nayo inakataa kuunganishwa. Kabla ya kumlaumu mtu, angalia pembeni mwa kioo. Rekebisha tarehe, ujaribu tena.

Na yule kijana wa stendi mwenye duka la kuchapa? Hatusemi ni mbaya. Wengi wao wanawasaidia watu kweli. Lakini ukimwandikia neno lako kwenye kipande cha karatasi, umempa sanduku zima la kikundi: barua za benki, orodha ya wanachama, namba zao za simu. Mwache akuelekeze kwa kidole, wewe mwenyewe ubonyeze. Ukimaliza kwenye kompyuta ya mtu, toka kwenye akaunti kabla hujainuka. Na mtu akipiga simu akijidai anatoka Google, akataka umtajie tarakimu zilizoingia sasa hivi kwenye simu yako, kata. Tarakimu hizo ndizo jibu la mlinzi wa pili. Ujumbe wa kitapeli na namba iliyoutuma hupelekwa 15040, namba iliyowekwa na Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA.

Tuongeze na hili kwa wenyeviti. Kuingia katika barua pepe ya mtu bila ruhusa yake ni kosa kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, hata kama mtu huyo ni katibu wako na unamshuku. Kikundi kiwe na anwani yake, katibu awe na yake binafsi.

Limebaki suala la laini, na tungeomba lijadiliwe kwenye mkutano mkuu wa kila kikundi. Akaunti ya kikundi imeandikishwa kwa namba ya simu ya nani? Pengine ni ya katibu aliyehamia Ifakara miaka mitatu iliyopita. Swali la mlinzi linakwenda kwake. Na kama laini ile haikutumika kwa muda mrefu, namba inaweza kufungwa na kupewa mtu mwingine kabisa, hapo ndipo ujumbe wa kikundi unapomwangukia mgeni. Badilisheni namba hiyo sasa, wakati bado mnaingia, maana mkishafungiwa nje ni vigumu sana. Chapeni pia zile namba za akiba. Google hutoa kumi, kila moja ina tarakimu nane na inatumika mara moja tu. Zitieni kwenye bahasha, bahasha iingie kwenye sanduku la mtunza hazina, pamoja na kitabu cha benki. Kila inapotumika moja, ikatwe kwa kalamu na tarehe iandikwe.

Aliyekuja na kompyuta yake aisogeze hapa karibu na umeme. Tutaanza na wale ambao mkutano wao wa mavuno ni wiki hii.