Utunzaji wa Kamba na Mikanda ya Kumtembezea Mbwa



Nimeombwa nizungumze nanyi juu ya kifaa ambacho wengi wetu hukitundika msumarini nyuma ya mlango na kukisahau, nacho ni kamba ya kumwongozea mbwa pamoja na mkanda wake wa shingoni. Huenda wapo watakaosema kuwa jambo hili ni dogo. Nami nilidhani hivyo, hadi siku moja nilipokuwa kwenye foleni ya chanjo ya kichaa cha mbwa katika uwanja wa shule mtaani kwetu. Mbele yangu alisimama mvulana wa miaka kama kumi, akimshika mbwa wa kwao kwa kamba nene, nzuri kwa macho. Mbwa mwingine alipobweka, wa kwao aliruka, na ile kulabu ndogo inayounganisha kamba na mkanda ikakatika, kwani ndani ilikuwa imeliwa na kutu. Mbwa akatokomea vichochoroni. Hakuna aliyeng'atwa. Lakini mbwa yule aliporejea nyumbani jioni, wachanjaji walikuwa wamekwisha kuondoka, naye akabaki bila kinga.

Shirika la Afya Duniani hueleza kuwa mbwa ndio chanzo cha hadi asilimia 99 ya visa vya kichaa cha mbwa kwa binadamu, na dalili za ugonjwa huo zikishajitokeza, kupona ni nadra mno. Kwa hiyo kamba si pambo. Ndiyo inayomfikisha mbwa kwenye chanjo, na ndiyo inayomweka mbali na magari na miguu ya wapita njia. Tunaisafisha ili ipendeze, naam, lakini zaidi ya hayo tunaisafisha ili tuione: uchafu huficha uzi uliokatika na chuma kilichooza.

Tuanze kwa kujua kifaa chako kimetengenezwa kwa kitu gani. Nailoni haiozi upesi, lakini jua kali hudhoofisha nyuzi zake kidogo kidogo, na rangi inayopauka ni dalili mojawapo. Ngozi hudumu miaka mingi ikitunzwa, bali hukakamaa na kupasuka ikikosa mafuta. Kamba ya katani ni rahisi kupatikana, lakini ikilowa mara kwa mara huoza kuanzia ndani. Mnyororo hautafunwi na mbwa, ila huliwa na kutu, hasa kwetu tunaoishi pwani.

Kamba na mkanda wa nailoni vifuliwe angalau mara moja kwa mwezi, na kila mara vinapoingia tope. Tumia beseni lililotengwa kwa kazi hiyo, si lile la vyombo vya chakula, kwa maana kamba inayoburuzwa ardhini huweza kubeba mayai ya minyoo kutoka kwenye kinyesi. Loweka katika maji ya vuguvugu yenye sabuni ya kawaida kwa muda wa nusu saa, kisha sugua kwa burashi, ukizidisha bidii penye mishono, ambapo uchafu hujificha na kupe hupenda kujibanza. Suuza mpaka maji yatoke meupe, kwa sababu sabuni inayobaki humwasha mbwa shingoni. Anika kivulini penye upepo. Usimvishe mkanda mbichi, kwani unyevunyevu chini ya manyoya huleta vidonda.

Ngozi haitaki kulowekwa. Ifute kwa kitambaa chenye maji kidogo na sabuni, ifute tena kwa kitambaa safi, kisha iache ikauke mbali na jua na mbali na jiko. Ikikauka, ipake mafuta ya kutunzia ngozi kwa kiasi kidogo. Mafuta ya kupikia hayafai, maana huchacha ndani ya ngozi na kunuka.

Vyuma navyo vina haki yao. Mbwa akitoka baharini, suuza kulabu, pete na bizimu kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kisha vikaushe kwa kitambaa. Tone moja la mafuta ya mashine kwenye springi ya kulabu huizuia isikwame. Futa mafuta yanayobaki ili mbwa asiyalambe.

Sasa niseme ya kuepukwa. Usitumie dawa ya klorini ya kutolea madoa, kwani hudhoofisha nyuzi na kuharibu ngozi, na mabaki yake huweza kumuunguza mbwa. Usiloweke mkanda katika mafuta ya taa wala dawa ya kuogeshea ng'ombe kwa nia ya kuua kupe. Mkanda hukaa shingoni mchana na usiku, na sumu hiyo huingia mwilini. Dawa ya kupe itolewe kwa ushauri wa mtaalamu wa mifugo. Tena, mkanda wa mbwa mwenye upele asivishwe mwingine. Na ikiwa mbwa ameonyesha dalili za kichaa, usiguse kamba yenye mate yake kwa mikono mitupu, bali mwarifu afisa mifugo mara moja. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama jeraha ni dogo.

Ukaguzi hauhitaji gharama. Kila wiki pitisha kamba yote baina ya vidole vyako, ukitafuta mahali palipolika, palipotafunwa au palipokakamaa. Fungua na funga kulabu mara kadhaa: ikisitasita, isafishe, na isiporudi yenyewe, ibadilishe. Kabla ya kutoka, ivute kwa nguvu ukiwa bado ndani ya uzio. Afadhali ikukatikie hapo kuliko kando ya barabara. Hakikisha pia kuwa vidole viwili vinapita kati ya mkanda na shingo. Kwa mtoto wa mbwa, angalia kila wiki, kwani yeye hukua na mkanda haukui, na mkanda uliobana huweza kuzama katika nyama. Kwa sababu hiyohiyo, waya usifungwe kamwe shingoni mwa mnyama.

Si kila hitilafu hudai kununua upya. Mshono uliofumuka kwenye ngozi, fundi viatu ataushona kwa uzi imara, na kulabu iliyokwisha huweza kubadilishwa peke yake. Lakini kamba iliyokatika nyuzi katikati usiiunge kwa fundo na kuiamini. Ukinunua mpya, vuta mishono mbele ya muuzaji, chungulia kama pete imeungwa vizuri pasipo mwanya, kisha dai risiti na uihifadhi. Kifaa kikikatika baada ya siku chache za matumizi ya kawaida, risiti hiyo ndiyo itakayokusemea unaporudi dukani.

Ndugu zangu, wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Yule mvulana alikuja kwenye foleni akitimiza wajibu ambao watu wazima wengi huukwepa, na kilichomwangusha ni kipande cha chuma kisichozidi kidole. Jioni ya leo, mkifika nyumbani, itoeni kamba msumarini, ipelekeni mwangani, na muivute.