Jimbo ni la Nani? Miungano ya Vyama na Wanasiasa Wanaohama



Mwanasiasa anapohama chama, tunauliza kwanza habari za tabia yake. Amenunuliwa? Ana uchu wa madaraka? Ni maswali halali, lakini yanatusahaulisha makubaliano yaliyomtoa alikokuwa. Hoja yangu leo ni moja: viongozi wa vyama hugawana majimbo bila kuwauliza wenye majimbo, na uhamaji mwingi huanzia hapo.

Nianze na Kyerwa, iliyokuwa jimbo kabla haijawa wilaya mwaka 2012. Mwaka 2000 wapiga kura wake walimtuma bungeni Benedicto Mutungirehi wa TLP. Miaka mitano nyuma, TLP haikuwa na kiti hata kimoja cha jimbo. Katikati hapo Augustino Mrema, aliyetoka CCM kwenda NCCR-Mageuzi mwaka 1995, aligombana na wenzake na kuingia TLP mwaka 1999. NCCR iliyoshinda majimbo 16 mwaka 1995 ikabaki na moja. TLP ikapata manne, Kyerwa na Biharamulo Magharibi yakiwemo. Mwaka 2005 Kyerwa ikarudi CCM. Kura zilikuwa za wana-Kyerwa, na uamuzi wao nauheshimu. Lakini vyama walivyowekewa mezani kuchagua vilikuwa vimepangwa upya na ugomvi wa viongozi waliokuwa mbali nao.

Mwaka 2015 jambo hilo lilijirudia kwa upana zaidi. UKAWA ilizaliwa mwaka 2014 ndani ya Bunge Maalumu la Katiba, ikiwaunganisha CHADEMA, CUF, NCCR-Mageuzi na NLD katika madai ya serikali tatu. Umoja wa kutetea rasimu ya Katiba ukageuka umoja wa kugawana majimbo: mgombea mmoja kila mahali. Sheria ya Vyama vya Siasa ya wakati ule haikuwa na utaratibu wa muungano wa namna hiyo, kwa hiyo aliyeona ameonewa hakuwa na pa kushtaki.

Tarehe 28 Julai 2015 Edward Lowassa, aliyekatwa jina na CCM katika mchujo wa urais, alijiunga na CHADEMA na kuwa mgombea urais wa umoja huo. Profesa Ibrahim Lipumba akajiuzulu uenyekiti wa CUF tarehe 6 Agosti. Dkt. Willibrod Slaa, aliyekuwa Katibu Mkuu wa CHADEMA, naye akatangaza kuachana na siasa za vyama mwanzoni mwa Septemba. Oktoba Lowassa alipata asilimia 39.97, John Magufuli 58.46. Katika majimbo yetu mawili CCM ilishinda kote, Innocent Bashungwa Karagwe na Innocent Bilakwate Kyerwa. NCCR, iliyokuwa na majimbo manne ya Kigoma, ilitoka na moja tu, Vunjo. Kati ya wabunge wake wa Kigoma, Moses Machali alikwenda ACT-Wazalendo na baadaye CCM. David Kafulila alipitia CHADEMA kabla ya kuishia CCM.

Sasa mfikirieni mtia nia wa kawaida. Miaka mitano amejenga matawi, amelipia pikipiki na mafuta, amezika na kuoza na watu. Siku chache kabla ya uteuzi anaambiwa jimbo limekwenda kwa chama rafiki. Akitulia, kazi yake imepotea. Akigombea kwa nguvu, anagawa kura. Kusimama peke yake haruhusiwi, kwa kuwa Ibara ya 67 ya Katiba inamtaka mgombea ubunge awe ametokana na chama. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilisema tarehe 14 Juni 2013, katika shauri la Mchungaji Christopher Mtikila, kwamba zuio hilo linavunja haki. Zuio likabaki. Mlango ulioachwa wazi ni mmoja, nao ni chama kingine. Tunamlaani mtu kwa kupita mlango ambao sheria yenyewe imemwonyesha.

Mkulima wa Karagwe anaijua butura: kahawa inauzwa ingali mtini, na bei anaipanga mwenye fedha. Jimbo linalogawiwa kabla wanachama hawajasikia limeuzwa hivyo hivyo.

Wapo watakaosema muungano hauwezi kusubiri vikao vya kila jimbo, kwani siri zitavuja na mpinzani atajipanga. Nawajibu kwamba siri ya mwaka 2015 haikuzuia mpasuko. Iliuahirisha tu hadi wakati ambao hapakuwa na nafasi ya kuutibu.

Marekebisho ya sheria ya mwaka 2019 yameruhusu vyama kuungana rasmi. Tuyatumie vizuri. Mgao wa majimbo ujadiliwe na mkutano wa jimbo kabla ya kura za maoni. Mkataba uchapishwe, kila mwanachama ausome. Na mgombea binafsi aruhusiwe, ili anayekataa mgao arudi kwa wapiga kura wake bila kuazima kadi ya chama asichokiamini.

Enyi vijana mtakaogombea kesho, msikubali kuachiwa jimbo wala kunyang'anywa jimbo katika kikao ambacho watu wa jimbo hilo hawakualikwa. Nanyi wapiga kura, chama chochote kikija kuwaambia kimeungana na kingine, kitakeni kiwaonyeshe mkataba kabla hakijawaomba kura.